Kelele zao, usingizi wetu

Kuna muziki ambao kelele si kasoro yake, ndiyo muziki wenyewe. Kundi la Duma la Nairobi (kwa Kikuyu ni giza, si yule mnyama) lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mmoja anapiga mayowe, mwengine anakwaruza gitaa na mitambo utadhani jenereta yakata roho. Nimesikiliza robo saa. Sikuchukia kama nilivyotarajia.

Kwa hivyo sitaungana na wanaotaka muziki wa namna hii upigwe marufuku Kilifi na Malindi. Ukumbi mdogo, watu hamsini, mlango umefungwa: hilo ni lao na masikio yao. Tatizo ni ukuta. Kumbi zetu nyingi ni makuti na upepo wa bahari, sauti haina pa kuzuilika, na nyumba ya pili pana mgonjwa na mzee anayeamka alfajiri.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu kwenye makazi, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hiyo ni kama mnong'ono. Katiba ya 2010 nayo imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Sasa kabla kibali hakijatoka, nani huja kupima? Jirani huulizwa?

Na sisi tusijifanye malaika. Harusi zetu hupiga spika hadi saa 8 usiku, na hatumwendei chifu, kwa kuwa bi harusi ni wa kwetu.