Koki, Betri na Sikio la Baba

Kwenye kipindi cha wiki hii tumeongea kuhusu wazazi wasiojua hasa tunafanya kazi gani. Mimi nilikaa kimya kwa sababu stori yangu ni ndefu kidogo. Naiandika hapa.

Nina digrii ya uhandisi wa elektroniki, na yote nimeisoma kwa Kiingereza. Baba yangu ni mtu wa Tanga, fundi bomba mstaafu hapa Birmingham. Mwaka jana alipewa kifaa cha kusaidia kusikia. Alikivaa siku mbili, akakitia kwenye droo. "Kinaniletea makelele tu," akasema. Tangu hapo akawa anakaa mezani kimya, anatabasamu hata pasipo na cha kuchekesha. Simu za nyumbani akawa anampa Mama.

Siku moja nikampa shikamoo yake, nikakitoa kile kifaa kwenye droo, nikakaa naye. Nilitaka kumweleza transista, kumbe sina maneno. Basi nikaanza na ya kwake.

"Baba, ukifungua koki, maji yanatoka kwa nguvu za mkono wako?"

"Aa, nguvu ni za tangi. Mkono unafungua tu."

Basi transista ndiyo hiyo. Ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mkondo mkubwa wa betri unapita kutoka kolekta kwenda emita, kama maji bombani. Mkondo mdogo unaoingia kwenye besi ndio mkono ulioshika koki. Kwenye transista ya kawaida, miliampea 0.01 za besi zinaweza kuongoza miliampea 1, yaani mara 100. Maikrofoni inapokea sauti na kutoa umeme hafifu, umeme huo unaitikisa besi, na mkondo mkubwa unapanda na kushuka vilevile. Transista haitengenezi nguvu yoyote. Nguvu ni ya betri, ndiyo maana betri ikiisha kifaa kinanyamaza.

Halafu kuna hili. Sauti ni wimbi, linapanda na kushuka. Koki iliyofungwa kabisa haifungiki zaidi, na iliyofunguliwa mpaka mwisho haina pa kuongeza. Kwa hiyo tunaiacha nusu wazi kabla sauti haijaja. Kwa transista ya silikoni, besi inawekewa kwanza kama volti 0.6 au 0.7. Ukikosea hapo, vilele vya wimbi vinakatwa na sauti inakwaruza.

Baba akafikiri, kisha akauliza: "Sasa hiyo koki inajuaje kwamba huyu ni mwanangu na ile ni sahani?"

Haijui. Chochote kinachoitikisa besi kinakuzwa: sahani, feni, televisheni. Vifaa vya siku hizi ni vya kidijitali, vina transista nyingi mno ndani ya chipu moja. Vinazigawa sauti, nene na nyembamba, na kukuza zaidi zile ambazo sikio limepoteza. Makelele vinayapunguza, havimalizi. Kuchagua kunakobaki ni kazi ya ubongo, na ubongo uliozoea kimya unahitaji wiki kadhaa za mazoezi.

"Kwa hiyo hakijaharibika?"

"Hapana, Baba."

"Mimi nilidhani ni mimi ndiye niliyekwisha."

Hapo nilikosa la kusema. Nikamwambia tu kwamba transista ilizaliwa Desemba 1947 kwenye maabara ya Bell Labs, New Jersey, na kwamba vifaa kama chake vilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa kuuzwa zikiwa na transista, hata kabla ya redio ya kwanza ya transista ya mwaka 1954. Akakishika vizuri zaidi baada ya hapo.

Sasa anakivaa asubuhi, akichoka anakivua. Juzi alisimama jikoni akasema, "Kumbe hili friji linanguruma hivi? Miaka yote hii?" Na Jumapili shangazi alipopiga kutoka Tanga, Baba alipokea simu mwenyewe.

Wiki hii jaribuni na nyie: mwelezeni mzazi kitu kimoja cha kazini kwenu, kwa Kiswahili, mkianzia na kazi yake yeye. Kisha mtuandikie ilikuwaje.