Kigong'ota Si Ndege wa Watalii

Simama chini ya mti, inua shingo, tafuta kitu matawini, na hutakosa mpita njia wa kukuambia kwamba kutazama ndege ni mambo ya Wazungu. Mwafrika, kwa kauli hiyo, ana shamba la kulima na karo ya kulipa. Hana muda wa kumkodolea macho ndege asiyeliwa. Wengine huisema kwa upole zaidi: ni burudani nzuri, ila inahitaji darubini ya bei kubwa, gari imara na kiingilio cha hifadhi. Nimewahi kuisikia kutoka kwa walimu, na hata kwa vijana wanaosomea misitu. Naipinga, ile ya ukali na ile ya upole, na shahidi wangu mkuu ni ndege mmoja: kigong'ota.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo kauli hii inapoonekana kuwa na nguvu. Ni kweli kwamba wapo ndege ambao bila darubini utaambulia vivuli tu. Kigong'ota hayumo katika kundi hilo, kwa kuwa humpati kwa jicho kwanza. Unampata kwa sikio. Ana sauti za aina tatu, na kila moja ina kazi yake. Ipo ya kugonga akitafuta chakula: to, to, kimya, to-to, bila mpangilio, kwa sababu anapekua. Ipo ya kupiga ngoma, mapigo ya haraka mfululizo juu ya tawi kavu linalovuma vizuri, nayo haina uhusiano na chakula. Anatangaza kwamba eneo hili lina mwenyewe, au anamwita mwenzi. Halafu kuna mlio wa kooni. Kigong'ota wa Nubia, anayepatikana katika migunga ya sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, huita kwa mlio mkali unaoanza polepole kisha ukaongeza kasi, na mara nyingi dume na jike huitikiana. Kigong'ota mwenye ndevu, mmoja wa wakubwa kabisa barani Afrika, ana ngoma unayoweza kuitambua ukiwa umefumba macho: mapigo huanza yakiwa yameshikana, na manne hivi ya mwisho huachana, moja moja, kisha kimya. Mtu akishajua hayo hahitaji gari wala tiketi. Anahitaji asubuhi.

Wala si lazima aende msitu wa mbali. Kigong'ota kardinali, mdogo wa sentimita 15 hivi, anaishi karibu kila mahali penye miti kusini mwa Sahara. Yumo katika msitu wa Karura, ndani ya Nairobi. Yumo katika bustani za mitaa, kandokando ya mashamba, na kwa kuwa ni mwepesi anaweza kupekua vijiti vyembamba ambavyo ndugu zake wakubwa hawaviwezi. Huonekana hata kwenye mabua ya mahindi na matete. Mkulima anayeambiwa kwamba hana muda wa kumtafuta ndege huyu huenda anafanya naye kazi katika shamba moja saa moja asubuhi, wote wawili wakiwa wameinama juu ya mahindi yale yale.

Nataka nikae kidogo kwenye kumwona kwenyewe, kwa sababu wanaobeza jambo hili wengi wao hawajawahi kulifanya. Umesikia mlio wa kugonga. Unasimama. Kosa la kwanza la watu ni kuukimbilia mti. Kigong'ota akikuona huzunguka shina akaliweka kati yako na yeye, na ukizunguka naye anazunguka. Ukitulia, baada ya muda kichwa kinachungulia ubavuni mwa shina, kisha mwili mzima unatokea ukipanda kwa miruko mifupi. Ukiwa na mwenzako, mmoja asimame upande huu na mwingine upande ule. Sasa tazama miguu: vidole viwili mbele, viwili nyuma, vimebana gome. Tazama mkia: manyoya yake ni magumu na ameyakandamiza mtini, yanambeba kama mguu wa tatu. Kwa kardinali, dume ana wekundu utosini kuelekea kisogoni na paji la kahawia. Jike ana kisogo cheusi. Anagonga mara chache, anageuza kichwa, anaukagua ufa, anaingiza ulimi. Ulimi huo ni mrefu kupita mdomo wake, na viungo vinavyouendesha vimezunguka nyuma ya fuvu hadi juu ya kichwa. Unatoka na buu la mbawakawa lililokuwa ndani ya mti, mahali ambapo hakuna jicho lingeliona. Anameza, anaruka kwenda mti mwingine, akipanda na kushuka hewani. Furaha inayomshika mtu wakati huo haina cheti cha kabila wala cha kipato. Nimeiona kwenye nyuso za watoto ambao hawajawahi kushika darubini.

Nikija kwenye hoja ya kwamba jambo hili limeletwa na wageni, hapo kauli inaanguka kabisa. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtaalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti wao kuhusu warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Waborana walikuwa wakifuatana na yule ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa porini. Katika maeneo wasiyoyazoea, wakitafuta bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Wakiongozwa naye, saa 3.2. Na walisema wanaweza kujua, kwa mwenendo na mlio wa ndege, mzinga uko upande gani na uko mbali kiasi gani. Watafiti walipopima walikuta wanasema kweli. Huyo mwongozaji wa asali ni wa ukoo ulio karibu zaidi na vigong'ota kuliko ndege wengine wote. Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi wanafuatana naye hadi leo, na Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio maalumu wa kumwita. Sasa nani alimfundisha nani kutazama ndege?

Kigong'ota mwenyewe hakuachwa nyuma. Hollis, aliyeandika kuhusu Wamasai mwaka 1905, anaeleza jinsi watu walivyoisikiliza sauti yake walipoanza safari, na ilikuwa na maana tofauti ikitoka kulia au kushoto. Sidai kwamba tuirudie ramli hiyo. Nasema tu kwamba ili sauti ya ndege iwe na maana kulia na kushoto, lazima kila mtu katika jamii aweze kuitofautisha na sauti za ndege wengine wote. Elimu hiyo ilikuwa ya watu wote. Tulichopoteza ni mazoea, na mazoea hurudi.

Kuna pingamizi jingine, la mafundi na wenye mashamba: kigong'ota anatoboa miti, anaiua. Lina chembe ya ukweli, nami sitaificha. Huko Marekani kuna aina zinazochimba vitundu kwenye miti mizima ili zinywe utomvu, na nyingine hutoboa kuta za mbao za nyumba. Lakini vigong'ota wetu hufuata mti uliokwisha kuugua. Mabuu wako ndani ya mti unaooza, na ndege anawafuata huko. Jamaa ya kigong'ota wa Nubia, tena, hula zaidi sisimizi na mchwa. Kumlaumu ni kumgeuzia kibao aliyekuja kuwala wadudu waharibifu. Hata kiota chake hukichonga kwenye tawi lililokufa au lililolainika, kwa kuwa mti mbichi mgumu ungemchosha bure. Na tundu hilo likishaachwa halibaki tupu. Bundi wadogo hutagia humo, kwezi, kasuku wadogo, hondohondo wanaozibia mlango kwa udongo. Wote hawa hawana uwezo wa kujichongea tundu kwenye mti mgumu. Mahali ambapo kigong'ota ameondoka, hao nao wanakosa nyumba, ingawa chakula chao bado kipo.

Wasomi nao wamewahi kubeba maoni ya mazoea kuhusu ndege huyu. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba fuvu lake lina mfupa wa sponji unaopunguza mshtuko, na wabunifu wa helmeti wakaja kuchota mawazo hapo. Mwaka 2006 Ivan Schwab na marehemu Philip May walitunukiwa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kisha ukafikirisha, kwa kazi ya kueleza kwa nini ndege huyu haumwi kichwa. Kisha mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walirekodi vigong'ota kwa kamera za kasi kubwa, wakafuatilia nukta za kichwa na mdomo wakati wa pigo. Hawakuona mto wowote wa kupunguza mshtuko. Kichwa kizima husimama ghafla kwa pamoja kama nyundo, na hilo lina mantiki: nyundo yenye mto ingepoteza nguvu kabla ya kuutoboa mti. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake, ambao hustahimili misukosuko ambayo ingemuumiza binadamu. Naleta habari hii kwa sababu inaonyesha uzito wa kutazama. Jambo lililorudiwa vitabuni lilikuja kusahihishwa na watu waliokaa wakamwangalia ndege akigonga.

Hapa nageuka kidogo kuwapinga wenzangu. Wengi tunaotetea ndege hukimbilia fedha: utalii unaleta dola, mwongoza watalii anapata mshahara, kwa hiyo ndege wana faida. Ni kweli, na sina ugomvi na mshahara wa mtu. Lakini tukiishia hapo tumemkubalia mpinzani kwamba furaha hii ni ya mgeni na kazi yetu ni kumwonyesha kidole. Kijana anayekaa kibandani dakika 90 kutazama ligi ya Uingereza hatakiwi na yeyote kueleza inamwingizia shilingi ngapi, wala haambiwi kwamba mpira ni wa Wazungu. Anafurahi, na furaha yake inatosha kuwa sababu. Mwalimu wa Iringa au fundi cherehani wa Kakamega anayetaka kumwona kigong'ota ana haki hiyo hiyo. Jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya yana umri wa miongo kadhaa. Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi, na vijana wengi wa Kenya wamejifunzia humo kuwatambua ndege. Hao hawakwenda kwa ajili ya dola.

Na tuna cha kutazama ambacho wengine hawana. Australia haina kigong'ota hata mmoja, Madagaska vivyo hivyo. Sisi tuna kigong'ota wa Mombasa, ambaye makao yake duniani ni ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania; msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi karibu na Watamu na Gede, ni mahali pazuri pa kumtafuta. Katika miombo ya kusini mwa Tanzania, Msumbiji na Malawi kuna kigong'ota wa Stierling, ambaye watazamaji husafiri kutoka mabara mengine kuja kumwona, wakati aliyezaliwa Songea huenda hajawahi kuambiwa yupo.

Wamarekani wanajua maana ya kuchelewa. Kigong'ota wao mkubwa mwenye mdomo wa rangi ya pembe alihitaji misitu mikongwe yenye miti mingi inayokufa ikiwa imesimama. Misitu ikakatwa mbao. Mara ya mwisho ambayo wataalamu wote wanakubali kwamba alionekana ni mwaka 1944, huko Louisiana, katika msitu uliokuwa ukimalizwa kwa misumeno. Tangu hapo watu wametumia fedha nyingi na maisha yao kumtafuta, na bado wanabishana kama yupo.

Kwetu tishio lina sura nyingine: mkaa na kuni. Sitamlaumu mama anayeokota tawi kavu ili apike. Hana gesi, na watoto wana njaa. Ninaowasema ni wale wenye uwezo wa kuchagua: shule zenye viwanja vikubwa, misikiti na makanisa yenye miti ya zamani, wenye mashamba ya kahawa na mikorosho, halmashauri zinazong'oa kila mti uliokauka kwa jina la usafi. Mti mkavu usiotishia paa wala njia ya watu uacheni usimame. Wewe msomaji, kesho asubuhi ukisikia mlio wa kugonga juu ya kichwa chako, simama, usiukimbilie mti, na umwite mtoto aliye karibu nawe aje atazame pia.