Msituitie Mwanajeshi

Pale stage ya Keroka kuna pikipiki iliyobandikwa picha ya Ibrahim Traoré juu ya taa ya nyuma. Ni ya binamu yangu, mtoto wa baba mdogo. Mafuta yakipanda bei, anasema. Bonasi ya chai ya mamake ikija na kuishia dukani siku hiyo hiyo, anasema tena: "Hii nchi inataka jeshi. Miezi sita tu. Wezi wanyooshwe, halafu turudi kwa kura." Vijana wote wa stage wanaitikia. Mimi hunyamaza, na nimechoka kunyamaza.

Kwanza tuelewane. Simtetei mwanasiasa yeyote. Juni 2024 nilikuwa barabarani Kisii mjini na huyu huyu binamu, tumefunga leso puani, macho yanawaka kwa moshi wa polisi. Hasira yake ni yangu. Dawa yake ndiyo naikataa.

Sisi Wagusii tungekuwa watu wa mwisho kuomba kutawaliwa kwa bunduki, kwa sababu ndivyo serikali ilivyoingia kwetu. Mwaka 1905 Waingereza walituma wanajeshi huku. Januari 1908 Otenyo, kijana aliyesikia maneno ya Moraa Ng'iti, akamchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wao wa Kisii. Northcote alipona, akaishi hata akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wanavijiji. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa mpaka Winston Churchill, ambaye hakuwa rafiki ya Mwafrika, akauliza kutoka London kwa nini watu wasio na kinga waendelee kuuawa kwa wingi namna hiyo. Na wengi walioshika zile bunduki walikuwa Waafrika kama sisi, askari wa King's African Rifles na polisi. Walifuata amri.

Binamu hunijibu: hao walikuwa wanatumwa na wazungu, Traoré ni wetu. Sawa. Twende kwa watu waliotawaliwa na wanajeshi wao wenyewe.

Guatemala ni nchi ya ndizi, kama sisi, ila ndizi zao zilikuwa za kampuni ya Marekani, United Fruit. Rais Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa kwa kura, alianza kuwagawia wakulima mashamba yaliyokaa bure, yakiwemo ya kampuni hiyo. Mwaka 1954 CIA ikapanga mapinduzi, na kanali wa huko huko, Carlos Castillo Armas, akashika nchi. Mashamba yakarudishwa kwa wenye nguvu. Vita vilivyokuja baadaye, 1960 hadi 1996, viliacha watu kama 200,000 wamekufa au wamepotea, wengi wao Wamaya wa vijijini. Mgeni akitaka nchi yako hahitaji kuja na jeshi kubwa. Anatafuta ofisa mmoja mwenye tamaa ndani ya kambi yako.

Chile nako, watu waliochoka na foleni za chakula walishangilia ndege zilipopiga ikulu tarehe 11 Septemba 1973. Jenerali Pinochet angesafisha tu, halafu aondoke. Aliondoka 1990. Zaidi ya watu 3,000 waliuawa au kupotezwa, na kuna kina mama waliozeeka wakitafuta mifupa.

"Lakini kuna wanajeshi wazuri." Ndiyo, wapo. Peru walimpata mmoja, Jenerali Juan Velasco. Alichukua nchi 1968, na mwaka uliofuata akaanza kuwanyang'anya matajiri mashamba makubwa na kuwapa wakulima. Binamu angembandika kwa pikipiki. Lakini 1975 jenerali mwenzake akamng'oa, na wale wakulima hawakuwa na kura ya kumtetea wala bunge la kupigia kelele. Ulichopewa na bunduki, bunduki nyingine inakuja kukichukua, na wewe huulizwi.

Hata si lazima twende mbali. Januari 1971 Kampala ilicheza barabarani Idi Amin alipompindua Obote. Waliocheza walikaa naye miaka minane.

Na sisi tulionja kidogo. Tarehe 1 Agosti 1982 Hezekiah Ochuka na wenzake wa jeshi la anga walishika redio kwa saa chache. Raia waliuawa, maduka ya Nairobi yakaporwa, chuo kikuu kikafungwa, na Moi akapata sababu ya kubana kila mtu, hata ambaye hakujua lolote.

Sasa mlinganishe Ochuka na mtu wetu wa Nyamira, George Anyona. Mwaka 1977, akiwa mbunge wa Kitutu East, alikamatwa baada ya kufukua maswali kuhusu zabuni ya mabehewa ya reli. Mwaka 1982 yeye na Oginga Odinga walipotaka kuanzisha chama kingine, alizuiliwa tena bila kesi, na bunge likaharakisha sheria ya chama kimoja. Mwaka 1990 wakamkamata tena, na safari hii wakamfunga. Desemba 1992 alirudi bungeni kwa kura, nchi ikiwa ya vyama vingi. Ilimchukua miaka, na iliuma. Lakini vyama vingi tunavyo hadi leo, na hakuna brigedia anayetudai shukrani.

Nimuulize binamu: tarehe 25 Juni 2024, jeshi lilipotolewa kambini, lilikuja upande wa nani? Lilitolewa kusaidia polisi dhidi yetu. Kesho yake Rais akasema hasaini Mswada wa Fedha. Hakuna kanali aliyemlazimisha. Ni watoto waliobeba bendera na chupa za maji, na wengine hawakurudi nyumbani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau 60 waliouawa katika maandamano yale. Kumpa mwanajeshi ushindi huo ni kuwaibia marehemu.

Najua kuna waliotekwa kwa sababu ya kuandika tu mtandaoni. Waliowateka bado wanaogopa korti, kamera na kura kidogo. Hebu fikiria siku wasipoogopa chochote. Traoré alichukua nchi 2022, uchaguzi ukasemwa ni 2024. Mei 2024 akaongezewa miaka mitano, na baadhi ya wakosoaji wake wamelazimishwa kwenda vitani. Huyo ndiye wa miezi sita.

Kazi iliyobaki haina stika. Ni kwenda kikao cha bajeti ya kaunti ambacho huwa na viti vitupu, kuuliza maswali siku ya mkutano wa kiwanda cha chai, na kupiga kura kisha kulala kituoni zikihesabiwa. Inachosha, na haipendezi kwa video.

Binamu bado hajajiandikisha kupiga kura. Kesho nataka anibebe mpaka ofisi ya IEBC, aingie na yeye. Mafuta nitalipa mimi.