Tairi Pana na Theluji: Mnunuzi Analipia Sura

Kila mwaka ifikapo Oktoba, biashara ya matairi katika nchi za kaskazini huchangamka kama biashara ya madaftari inavyochangamka huku kwetu mwezi wa Januari. Wenye magari, kuanzia Finland hadi Kanada, hupanga foleni kwenye karakana ili wabadilishe matairi kabla theluji haijaanguka. Katika msimu huo kuna bidhaa moja inayouzwa kwa bei ya juu na kwa maneno mengi. Ni tairi pana la ardhi zote, lile lenye kashata kubwa, linalofungwa kwenye magari ya porini kama Land Cruiser, Hilux, Jeep na Land Rover. Muuzaji humhakikishia mteja kwamba tairi hilo hupita matope, mchanga, mawe na theluji, na kwamba akishalinunua hana haja ya jingine.

Maoni ya safu hii ni kwamba maneno hayo hukwama kwenye theluji. Mnunuzi analipia upana, lakini kinachomwokoa katika majira ya baridi ni aina ya mpira, mikato ya kashata na kiasi cha upepo. Jambo hili linamhusu pia mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Sehemu ya magari ya mitumba tunayoyapokea hutoka katika nchi zenye theluji, nayo huja na matairi ya huko. Aidha, wapo wasomaji wenye ndugu na washirika wa biashara Toronto, Minneapolis au Oslo, ambao kila msimu huulizana wanunue nini.

Hesabu ya upepo

Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 2,400. Kila tairi linabeba kama kilo 600. Likijazwa upepo wa 35, yaani ratili 35 kwa kila inchi ya mraba, sehemu ya tairi inayogusa ardhi huwa takriban sentimita za mraba 245. Ukifunga tairi pana zaidi na kuacha upepo uleule, eneo hilo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa pana kwa upande na fupi kwa urefu. Mteja anayedhani kwamba amenunua mshiko zaidi kwa sababu ameongeza inchi mbili za upana, kwa kweli amenunua umbo jingine la mshiko uleule.

Umbo hilo lina faida na hasara zake. Penye theluji nyepesi iliyolala juu ya lami, au penye rojo la theluji na maji, tairi jembamba hukata na kufika chini kwenye barabara yenyewe. Tairi pana husukuma rojo mbele yake, kisha hupanda juu yake na kuanza kuelea. Usukani ukishakuwa mwepesi mikononi mwa dereva, upana alioulipia umegeuka deni.

Wasomaji wetu wanalijua hili kwa upande wa matope. Land Cruiser za kazi, zile za safari na za mashirika ya misaada, kwa miaka mingi zimefungwa tairi jembamba la 7.50R16, na dereva mzoefu hana haraka ya kulibadilisha. Katika tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi hilo huchimba hadi kwenye ugumu. Hata katika mashindano ya dunia ya magari, madereva walewale wanaokuja Naivasha kwa ajili ya Safari Rally hutumia matairi membamba yenye misumari wanapokimbia kwenye theluji ya Sweden. Watu wanaotafuta sehemu ya sekunde hawangeacha upana kama upana ungekuwa unalipa.

Iceland wanasema vingine

Hata hivyo, haki inadai tutaje upande wa pili. Nchini Iceland, kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza mwaka 1990 ndani ya shughuli za Toyota nchini humo, imejipatia jina kwa kufunga matairi mapana yenye kimo cha inchi 38 na 44. Magari yake yamevuka barafu za Antaktika, na mwaka 2007 Hilux zilizotengenezwa nayo zilitumika katika safari ya televisheni ya Uingereza kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini. Je, hilo si ushahidi kwamba upana unafaa?

Unafaa, lakini kwa masharti. Huko gari linapita juu ya theluji yenye kina kirefu ambayo haina barabara chini yake, kwa hiyo kukata hadi chini hakuna maana. Linalotakiwa ni kuelea. Na kuelea hakuletwi na upana peke yake, bali na upepo mdogo. Gari letu la kilo 2,400 likipunguziwa upepo hadi 15, eneo la mguso hupanda hadi takriban sentimita za mraba 570, yaani zaidi ya mara mbili. Wenyeji wa Iceland hushuka chini zaidi ya hapo, hadi ratili chache tu. Kwa ajili hiyo hukata madigadi, hubadilisha uwiano wa gia na kubeba pampu ya upepo. Mteja wa mjini anayefunga tairi pana, akajaza upepo wa 35 na kwenda kazini kwa lami iliyoganda, amenunua nusu ya mradi, na nusu hiyo ndiyo isiyomfaa.

Mpira na mikato

Jambo la pili ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini katika baridi, na kashata zake hupigwa mikato mingi myembamba kama ya wembe. Mikato hiyo hufunguka na kung'ata theluji na barafu. Tairi la ardhi zote mara nyingi limekusudiwa kustahimili mawe makali, kwa hiyo mpira wake ni mgumu zaidi, na kashata zake ni mabonge makubwa yenye mikato michache. Sifa inayolipa uhai mrefu kwenye changarawe ndiyo inayoliangusha kwenye barafu.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne huondoka vizuri kwenye theluji hata likiwa na matairi ya wastani, na dereva hupata moyo. Lakini magari yote, hata kijigari cha bei rahisi, yana breki kwenye magurudumu manne. Wakati wa kusimama, gari la porini halina gurudumu la ziada. Lina uzito wa ziada. Uzito huo, juu ya mpira uliokakamaa, ndio unaoliingiza gari mtaroni au kwenye gari la mbele.

Sheria zimeanza kutofautisha

Serikali za kaskazini zimelitambua hili, na hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kuwa macho. Kwa miaka mingi herufi M+S, yaani matope na theluji, zilitosha kumfanya mteja aamini kwamba tairi ni la baridi. Lakini herufi hizo zinaeleza umbo la kashata tu. Hazimlazimishi mtengenezaji kulijaribu tairi kwenye theluji. Mwaka 1999 watengenezaji wa Marekani na Kanada walianzisha alama nyingine, mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ambayo hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio.

Mkoa wa Quebec nchini Kanada ulifanya matairi ya baridi kuwa ya lazima mwaka 2008. Sasa muda wake ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na alama inayotambuliwa ni ya mlima. Katika British Columbia, ndani ya nchi hiyohiyo, M+S bado inakubaliwa iwapo kashata zina kina cha milimita 3.5 au zaidi. Ujerumani ilitoa kipindi cha mpito, na tangu Oktoba 1, 2024, tairi lenye M+S bila mlima halihesabiwi tena kuwa la majira ya baridi. Dereva anayekamatwa nalo kwenye theluji hutozwa faini ya euro 60. Tairi ni lilelile, lakini thamani yake imebadilika kwa kalamu ya mtunga sheria.

Na mlima wenyewe una mipaka yake. Jaribio linalotumika sana Marekani hupima jinsi tairi linavyovuta gari likiongeza mwendo juu ya theluji iliyoshindiliwa. Halipimi kusimama juu ya barafu, wala kukata kona. Matairi ya ardhi zote yenye alama ya mlima yapo sokoni, mathalani mengi ya aina ya BFGoodrich KO2, na hapana shaka ni bora kuliko yenye M+S peke yake. Lakini kulinganisha tairi hilo na tairi halisi la baridi ni kama kulinganisha cheti cha kuhudhuria semina na shahada.

Gharama na mtaji

Hoja kubwa ya muuzaji wa tairi pana ni kwamba seti moja ni nafuu kuliko mbili. Hesabu hiyo ina kasoro. Mwenye seti mbili hazitumii kwa pamoja. Moja inapofanya kazi nyingine imepumzika, hivyo kila moja huishi muda mrefu zaidi. Gharama halisi ya ziada ni ringi, ghala na kazi ya kubadilisha. Aidha, seti ya baridi inaweza kuwa jembamba, kwenye ringi ndogo ambayo mtengenezaji wa gari ameiruhusu, na mara nyingi saizi hiyo ni ya bei nafuu. Tairi pana kupita kipimo cha gari nalo lina gharama zake: hunywa mafuta zaidi, hukwaruza madigadi usukani unapokatwa, na theluji hujaa kati yake na bodi ikaganda.

Kwa mwekezaji mdogo, somo ni kwamba thamani katika sekta hii imekaa kwenye maarifa ya mpira. Kampuni ya Nokian ya Finland ilitengeneza tairi la kwanza la baridi mwaka 1934, na hisa zake zimeuzwa katika soko la Helsinki tangu 1995. Japani nayo, baada ya kupitisha mwaka 1990 sheria dhidi ya vumbi la matairi ya misumari, ilipanua soko la tairi laini lisilo na misumari. Bridgestone ilikuwa imeshatoa Blizzak mwaka 1988. Lakini maarifa hayamlindi mtu na ramani. Nokian ilikuwa imeweka uzalishaji wake mwingi katika kiwanda cha Urusi, na mwezi Machi 2023 ilikamilisha kukiuza kwa takriban euro milioni 285, kisha ikaanza upya kwa kujenga Romania. Anayenunua hisa za kampuni ya matairi na auulize pia ulipo mtambo.

Ushauri kwa mwenye duka

Mali iliyokosa nafasi mahali hutafuta soko pengine. Hivyo mfanyabiashara wetu anayepokea matairi mtumba na asome ubavu wa tairi kabla ya kutazama kashata. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Neno STUDLESS kwenye tairi la Japani, au mchoro wa mlima kwenye tairi laini lenye mikato ya wembe, maana yake ni mpira wa baridi. Kwenye lami ya moto ya Pwani mpira huo huisha upesi na hulegea wakati wa kufunga breki kali. Kumuuzia dereva wa daladala tairi hilo kama "la Japani, imara" ni kumuuzia hatari, na kesho yake umempoteza mteja.

Kwa ndugu walioko kwenye theluji, neno ni fupi. Kama gari linapita barabarani, nunua tairi halisi la baridi, la upana wa kiwandani au pungufu kidogo, lenye alama ya mlima na tarehe ya karibuni. Kama linakwenda nje ya barabara kwenye theluji ya kina, nunua pana, lakini nunua na pampu na kipimo cha upepo, na ujue kupunguza na kurudisha. Asiyekuwa tayari kushuka garini kwenye baridi na kupunguza upepo hana sababu ya kulipia upana.