Mpoyi alikufa juu ya mshahara

Tarehe 9 Desemba 1941, watumikaji wa Union Minière walikusanyika ku uwanja wa mpira, hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Vita ilipandisha bei ya vitu, mshahara ukabaki pale pale. Gavana Maron akafika na askari. Karani Léonard Mpoyi akasema mbele yake: haturudi kazini bila jibu. Wakapiga risasi. Mpoyi akafa, na wengi pamoja naye.

Leo vijana wetu wa mkataba wa miezi mitatu wanaogopa hata kutaja sendika. Hatuwalaumu, nani aliwaambia habari ya Mpoyi? Siye tunaomba kila delege asome jina lake ku 9 Desemba, mbele ya kazi. Mwenye kusahau bazee wake, mukubwa anamulipa namna anapenda.