Fedha za msimu zisikae katika simu iliyoachwa

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi hawana kompyuta, lakini wana simu. Humo ndimo zilimo fedha za mauzo, namba za wateja na kumbukumbu za madeni. Hivyo wanaposikia kuwa kompyuta zimegunduliwa kuwa na hitilafu, hudhani hayawahusu. Dhana hiyo si sahihi.

Mfano mzuri ni hitilafu iliyopewa jina la Dirty COW, iliyotangazwa Oktoba 2016. Ilikuwa imejificha tangu 2007 katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi zinazohudumia intaneti. Android, mfumo wa simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu, umejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux. Ugonjwa wa kompyuta ukawa pia ugonjwa wa simu.

Chanzo chake kilikuwa kazi mbili kufanyika kwa wakati mmoja bila kusubiriana. Tuseme katika chama cha ushirika mwanachama anaruhusiwa kusoma daftari la mizani, lakini akitaka kuandikiwa jambo, karani huliandika kwenye nakala. Karani anaandaa nakala, kisha anageuka kuchukua kalamu. Papo hapo mtu wa pili anaitupa ile nakala. Karani anaandika, kumbe kalamu iko kwenye daftari halisi! Programu yenye nia mbaya ilirudia mchezo huo mara nyingi mno, hadi ikajipatia mamlaka makubwa kuliko ya mwenye simu.

Septemba 2017 kampuni ya Trend Micro iliripoti kirusi kiitwacho ZNIU, kilichotumia hitilafu hiyo kwenye simu za Android. Kilijificha katika programu zaidi ya 1,200, na kilionekana katika nchi zisizopungua 40, hasa China na India. Huko China kilichota fedha kidogo kidogo kwa njia ya ujumbe mfupi, kisha kikaufuta ujumbe wenyewe.

Dawa ilikuwepo tangu Desemba 2016, Google ilipotoa marekebisho ya Android. Lakini marekebisho hayo hupitia kwa mtengenezaji wa simu, na simu za bei nafuu mara nyingi huachwa mapema.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia. Hata hivyo, simu halisi iliyoachwa bila marekebisho nayo ni mlango wazi. Ni rai yetu kwamba muuzaji atakiwe kumweleza mnunuzi simu itahudumiwa hadi lini, kama pakiti ya mbegu inavyoonyesha tarehe ya mwisho.

Wakati tukisubiri hilo, msomaji akubali marekebisho kila yanapoletwa, na asipakue programu kutoka mahali asipopajua. Mkulima makini hapandi mbegu iliyopitwa na tarehe. Asitunze na fedha za msimu katika simu ambayo mtengenezaji wake ameshaisahau.