Usukani Uliotoka Jeshini

Tunapoizungumzia michezo ya kompyuta, aghalabu twauliza mtoto aona nini kiooni. Wiki hii twaitazama mikono yake.

Mashine za zamani za michezo, yale makabati marefu yaliyokuwa yakilishwa sarafu katika kumbi za Marekani, hazikuwa na kishikio cha namna moja. Pong ya mwaka 1972, kazi ya kampuni ya Atari, ilikuwa na kitufe cha kuzungusha tu, kama cha kuongezea sauti ya redio. Centipede ya mwaka 1981, aliyoibuni mwanamke, Dona Bailey, pamoja na Ed Logg, ilichezwa kwa mpira uliozamishwa nusu: kiganja hupita juu yake, nao huzungusha vijiti viwili vilivyo ndani. Wanawake wengi waliupenda mchezo huo, jambo lililokuwa nadra siku zile. Mpira wa aina hiyo ulitumika pia katika kazi iliyofanyiwa Jeshi la Majini la Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Lakini kisa kitushughulishacho zaidi ni cha usukani. Mwaka 1980 Atari ilitoa Battlezone, mchezo wa vifaru uliotungwa na Ed Rotberg. Mchezaji alichungulia kama askari aliye ndani ya kifaru, mikononi ameshika vijiti viwili: kimoja cha mnyororo wa kushoto, kingine cha wa kulia. Akivisukuma vyote, husonga mbele. Akisukuma kimoja na kuvuta cha pili, hujizungusha papo hapo.

Watu wa Jeshi la Marekani wakauona, wakataka ugeuzwe uwe chombo cha kuwafunzia wapigaji mizinga wa gari la vita la Bradley. Rotberg hakupendezwa. Kwake yeye, kutunga michezo ni jambo moja, na kuwafunza watu kuua ni jingine. Mwishowe aliifanya kazi hiyo, kwa sharti kwamba asipewe tena nyingine mfano wake.

Mashine hiyo iliundiwa usukani mpya wa kushikwa kwa mikono miwili, uliofanana na wa mpiga mizinga. Zilitengenezwa mashine chache mno, mpango ukaishia hapo. Usukani haukuishia hapo. Mwaka 1983 uliingia katika mchezo wa Star Wars, na katikati ya miaka hiyo ya 1980 ukavikwa umbo la baiskeli katika Paperboy, ambamo kijana hugawa magazeti nyumba kwa nyumba. (Mchezo huo humpa alama mgawaji avunjaye madirisha ya wasiolipia gazeti. Wasomaji wetu wenye madeni wasihofu.)

Wapo watakaosema chombo ni chombo, hakina lawama. Twawakubalia nusu: mkono uleule wa chuma ulitoka kwenye mzinga ukafika kwenye baiskeli. Lakini kabla ya hapo palikuwa na mtu aliyetakiwa atie ujuzi wake vitani, akasita, akasema kwa nini anasita. Vijana wetu wanaosomea kompyuta, wa kike na wa kiume, watatakiwa mambo kama hayo na waajiri walio mbali. Twapenda kisa cha Rotberg wawe wamekisikia nyumbani, kwenye chakula cha usiku, kabla mkataba haujaletwa kutiwa sahihi.